Mzee Aliyefuta Macho ya Kondoo

Kabla hajaitikia salamu yako alikuwa ameshakukagua macho. Ungemsalimu mara ya kwanza, ukarudia, naye amekukazia tu, kichwa kimeinama upande, kana kwamba wewe ndiwe umeletwa sokoni. Akimaliza ndipo anajibu, na mara nyingi jibu lenyewe halikuwa salamu. "Macho nyekundu. Wewe hukulala." Au anakuambia jicho la kushoto linatoa maji, nenda ukaoshe kabla hujashika kitu. Wageni wa bosi waliokuja na miwani ya jua hakuwajibu kabisa, nao wakadhani anawadharau. Nilimuuliza siku moja kwa nini anatuaibisha. Akasema anangoja wavue, ajue nani amekuja.

Tulimwita Mzee wa Zizi. Jina alikuwa nalo, liliandikwa kwenye ikama yake, kile kibali cha kuishi Saudia, sawa na la mtu yeyote, ila hata bosi aliyemwajiri hakulitumia. Ukoo wake sikuuchimba. Najua alitoka kaskazini mwa Kenya, pande za Marsabit, na kwamba alikuja Saudia akiwa tayari ana mvi, umri ambao wenzake walikuwa wanarudi nyumbani. Mimi ni mtu wa Thika. Kondoo nilimjua akiwa kwenye sahani, na nisingependa kumjua zaidi ya hapo, lakini nilikuwa dereva, na dereva haulizwi anapenda nini.

Bosi wetu alikuwa na maduka ya manukato pale Sulimaniya, Riyadh. Nilimpeleka kazini, nikapeleka watoto shule, nikampeleka madam kwa dada zake, na kila Alhamisi nilipakia shayiri na majani makavu kwenye pikapu nikaenda zizini. Ilikuwa saa nzima na zaidi nje ya mji, huko lami inakoishia, mahali pa uzio wa mabati, tangi la maji, kibanda cha Mzee na vumbi. Zizi lilikuwa la marehemu baba yake bosi. Kondoo walikuwa wa najdi, wale weusi wa manyoya marefu na kichwa cheupe, ambao Wasaudi wakiwaona hata simu wanaweka chini. Marehemu aliacha neno kwamba kondoo wa Idd ya kuchinja, kwa ukoo mzima, watoke kwenye zizi lake, wasinunuliwe sokoni. Bosi mwenyewe kondoo walimchosha. Akija husimama mlangoni na viatu vyake vyeupe, anauliza wote wazima, anaambiwa ndiyo, anasema halas, yaani basi imetosha, anarudi kwenye gari nimwashie hewa baridi.

Halas lilikuwa neno la bosi. Neno la Mzee lilikuwa bado. Umekula? Bado. Umelala vizuri? Bado. Utaenda likizo lini, mzee? Mwaka ujao, na ukimkumbusha mwaka ukifika, anakuambia bado. Kiarabu chake kilikuwa cha maneno machache, mafi ya hakuna, yalla ya haya twende, na kadhalika, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha watu wa kaskazini, kinachokwenda moja kwa moja hadi kwenye jambo bila kubisha hodi. Mimi nilikuwa nikimcheka. Yeye alinicheka kwa vile nilikuwa nikiogopa kondoo dume, basi tulikuwa sare.

Alikuwa mtu wa kukuudhi. Sukari aliificha. Ukimtembelea anakupa chai chungu huku unaona kabisa mkebe nyuma ya godoro, halafu jioni unamkuta anamlambisha kondoo sukari hiyo hiyo kwenye kiganja. Redio ya gari aliitukana, akisema inasumbua wanyama, ilhali yeye mwenyewe akiwaimbia kutwa nzima kwa sauti ambayo Mungu anisamehe. Ngamia hakutaka hata kuwasikia wakitajwa, na huyo ni mtu aliyelelewa na ngamia. Nilipomuuliza sababu akasema ngamia anaweka kinyongo. Nikamwambia mzee, na wewe je? Alininyima chai siku ile.

Kondoo aliwajua wote kwa sura. Mimi niliona weusi tu na vichwa vyeupe, yeye aliona huyu mchoyo, huyu mwoga, huyu mama yake alikuwa na tabia mbaya vilevile. Wachache walikuwa na majina. Aliyekuwa juu ya wote ni kondoo jike mzee aliyemwita Shangazi, kwa sababu alitoa amri kwa kila mtu na hakuzaa tena. Shangazi ndiye aliyetangulia kwenda kunywa na kurudi, na wengine walimfuata. Mzee naye hakumwita kwa mluzi wala kwa fimbo. Alitoa mlio fulani mfupi kooni, mimi nimejaribu mara nyingi nikashindwa, na Shangazi akisikia mlio ule aliacha hata shayiri.

Kitu kingine ambacho lazima nikiseme ni shuka lake. Lilikuwa jekundu la mistari myeusi, zito, la nyumbani kabisa. Kiangazi cha Riyadh, jua linachoma hadi usukani haushikiki, Mzee amejifunga shuka. Lilikuwa mto wake, mwavuli wake, mkeka wake wa kuswalia, na alibebea vichanga vya kondoo humo. Nilimwambia nimpelekee dobi mjini akakataa kama nimetaka kumvua ngozi. Baadaye, siku moja tu alipokuwa na moyo mwepesi, aliniambia alifungwa shuka lile na mkewe siku anapanda basi kuja Nairobi kuchukua ndege. Mkewe alifariki yeye akiwa huku. Hakwenda kuzika. Ruhusa ilichelewa, akasema, na ilipopatikana watu walikuwa wameshatawanyika matanga. Aliongea hayo akikamua kondoo, hakugeuka.

Ugonjwa wa macho ulikuja mwaka ule Idd ya kuchinja ilipokuwa inakaribia. Kulikuwa kumepiga dhoruba ya vumbi, ile ambayo Riyadh yote inakuwa rangi ya chai ya maziwa na magari yanawasha taa adhuhuri. Shemeji yake bosi alikuwa ameleta madume kadhaa ya kuongezea, na mmoja wao alishuka garini jicho linamchuruzika. Nilikuwepo. Mzee alimshika kidevu, akamgeuza juani, akatazama kwa muda mrefu. Akasema ni vumbi. Mtu aliyekuwa akinikagua mimi macho kila Alhamisi, siku ile akasema ni vumbi, akamfungulia aingie na wenzake. Nami ningebisha vipi? Hata mimi jicho lilikuwa linaniwasha.

Nilipokuja tena na shayiri, zizi lilikuwa kimya. Kondoo walisimama wamejibana kwenye kivuli cha tangi, vichwa chini, wamefumba macho mchana kweupe, na kila uso una mfereji wa machozi hadi puani. Nzi walikuwa wengi kuliko kawaida. Wengine macho yalikuwa mekundu tu. Wengine kioo cha jicho kilikuwa kimeingia ukungu wa samawati, na wawili watatu ukungu ulikuwa umekuwa mweupe kabisa, hata huoni mboni ilipo. Hao walikuwa wakijigonga kwenye ndoo za maji kwa kuwa hawakuziona. Sijawahi kuwahurumia kondoo, lakini kumwona mnyama anatafuta maji yaliyo mbele ya pua yake kuliniuma.

Mzee alikuwa kazini. Dawa yake ilikuwa ya nyumbani kwao: alitia chumvi mdomoni na maji kidogo, akaisukutua, akampulizia mnyama jichoni, kisha akafuta kwa pembe ya shuka taratibu, akimwimbia. Asubuhi na jioni alifanya hivyo kwa zizi zima. Alianza na wagonjwa hoi, kwa kuwa adabu inataka mgonjwa ahudumiwe kwanza, akaenda kwa wenye mekundu, akamalizia kwa wazima kabisa, wale wasio na hata chozi, ili nao wakingwe na wasijione wametengwa. Pembe ya shuka ilikuwa moja. Ikilowa sana alihamia pembe nyingine. Kila nilipokuja wazima walikuwa wamepungua, naye alikuwa amekonda, midomo imepasuka kwa chumvi.

Bosi alikuja Ijumaa bila viatu vyeupe, maana yake alikuwa amekasirika kweli. Mzee ndiye aliyenieleza jambo lenyewe, kwa kuwa mimi ni Mkristo na sikulijua: mnyama ambaye jicho lake limeharibika waziwazi hafai kwa dhabihu ya Idd. Si suala la nyama, nyama ni ile ile. Ni kwamba huwezi kumpa Mungu kitu ambacho wewe mwenyewe ungekirudisha dukani. Na hapo ukoo mzima wa bosi unangoja kondoo wa marehemu. Bosi alizunguka zizini akihesabu macho meupe, kisha akasimama mbele ya Mzee akamwambia kwa utulivu, ambao kwangu ulikuwa mbaya kuliko kelele, kwamba ikiwa Idd hii atalazimika kununua kondoo sokoni mbele ya baba zake wadogo, basi halas. Atauza wote waliobaki na Mzee atakatiwa tiketi ya kwenda kwao moja kwa moja.

Mimi nilidhani kwa mtu wa umri wake hiyo ilikuwa habari njema. Bosi alipoingia garini kuongea na simu nilimwambia hivyo Mzee, nikamwambia si ndiyo hiyo safari ya mwaka ujao. Alinitazama mpaka nikaona haya.

"Nyumbani zizi iko," akasema. "Miti yake iko, mlango iko. Ndani hakuna kitu. Ukame ilimaliza yote, ngamia, mbuzi, mpaka punda. Sasa wewe nipeleke huko, nikae kwa mlango nichunge nini?"

Ndipo nikafahamu mwaka ujao ulikuwa na maana gani. Wale kondoo weusi walikuwa mali ya bosi kwenye karatasi, lakini yeye hakuwa na wengine duniani. Nilipandisha hewa baridi ya gari kwa bosi nikaendesha hadi Sulimaniya.

Daktari wa mifugo aliyeletwa alikuwa Msudani, mtu mrefu mpole, amebeba boksi la barafu lenye dawa. Hakuingia na makeke. Aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaomba Mzee aendelee na kazi yake kama kawaida, akamtazama akimaliza duru nzima, kuanzia kwa vipofu hadi kwa wazima. Akachomoa sindano, akachoma kila mnyama, akatoa mirija ya mafuta ya macho. Akaeleza kwamba ugonjwa huu unaambukiza, unahama kutoka jicho hadi jicho, kwa nzi, kwa kubanana kwenye hori, na kwamba wengi wao wataona tena wakitengwa na kutibiwa mapema. Chumvi haikuwa na ubaya mkubwa, akasema, ila aache kupuliza kwa mdomo. Halafu akamwita haji, kwa heshima, ingawa Mzee hajawahi kuhiji.

"Haji, nzi mkubwa kuliko wote hapa ni hilo shuka lako."

Alisema kwa Kiarabu, nami nilichelewa kutafsiri nikitafuta namna ya kulainisha. Mzee alikuwa ameshaelewa. Alijitazama kifuani, akashika ile pembe yenye tope la machozi na chumvi. Akauliza kwa Kiswahili, akiniuliza mimi wala si daktari, kama ni yeye aliyewapelekea. Nikamwambia daktari ndivyo anavyosema. Akaanza kubisha. Kwao wamefuta hivyo tangu zamani, baba zake walifuta, na mbuzi walipona. Daktari akakubali kwamba hupona, wengi hupona wenyewe, ndiyo maana mtu hajui. Akamwambia atumie pamba, kipande kimoja kwa mnyama mmoja, akimaliza atupe. Mzee akajibu kwamba pamba ni ya maiti, na hawa hawajafa. Akaondoka akaenda kukaa nyuma ya tangi, na maskini daktari akanywa chai chungu peke yake.

Sitasahau nilichokikuta nilipopeleka mzigo uliofuata. Niliona wekundu kutoka mbali, nikadhani ameanika pilipili. Waya wote wa uzio, upande wa jua, ulikuwa umepangwa vipande vya shuka vya ukubwa wa kiganja, vimechemshwa, vimenyooshwa, kila kimoja na nafasi yake. Alikuwa amelikata lote. Sufuria yetu ya chai ndiyo iliyokuwa ikichemshia, na tangu siku ile chai tukaikosa, lakini hilo si kitu. Kila kondoo alikuwa na kipande chake, na yeye alijua cha nani ni kipi, usiniulize kwa vipi. Wagonjwa walikuwa wametengwa ng'ambo ya mabati chini ya turubai. Sasa alianza na wazima, akamalizia na wagonjwa, na katikati akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko. Kwa mara ya kwanza nilimwona na shati. Alikuwa mwembamba kuliko nilivyodhani, na shingo imepauka pale shuka lilipokaa miaka yote.

Nilimwambia pole, mzee. Akaniambia nishike mguu wa yule dume nisisimame tu.

Macho yalianza kufunguka. Ukungu huondoka kuanzia pembeni, niliona mwenyewe, unarudi nyuma kidogo kidogo na mboni inatokea. Mzee aliwageuza juani mmoja mmoja, na kwa kila mmoja alisema bado, bado, hadi siku anakaa kimya, na kimya hicho kilikuwa na maana amepona. Shangazi ndiye hakupona. Alikuwa kati ya wa kwanza kufutwa, macho yote mawili yaliganda meupe, na daktari alipomtazama akatikisa kichwa. Lakini Shangazi hakuacha ukubwa wake. Mzee akitoa ule mlio, alinyanyua kichwa, akatembea moja kwa moja hadi majini, na wenye macho wakamfuata kipofu. Tulicheka sana, mimi na Mzee. Alicheka hadi akatafuta shuka ajifute, akakumbuka hana.

Bosi alikuja kuchagua wa Idd. Karibu wote walikuwa wanafaa. Akampenda dume mmoja mkubwa, mzuri kweli, manyoya yanagusa magoti, akasema huyo ni wa baba mdogo. Mzee angenyamaza, mambo yangeisha vizuri. Badala yake alimshika yule dume kidevu akamgeuza juani, akangoja hadi bosi mwenyewe akainama, akaona kovu dogo la ukungu chini ya mboni. Bosi akasema hilo nani ataliona. "Bado," akasema Mzee, akamrudisha dume ndani na kumletea mwingine. Nilitazama viatu vyangu. Bosi alimtumbulia macho, kisha akacheka kidogo, akasema marehemu baba yake naye alikuwa hivyo hivyo. Idd ikapita. Zizi likabaki.

Ningependa kuishia hapo. Mwaka wa pili kiwanja kilipata mnunuzi, kwa kuwa mji ulikuwa unakuja upande ule na majumba yake, na bosi na ndugu zake wakakubaliana kuuza kiwanja pamoja na vilivyomo. Hakukuwa na kosa la mtu. Bosi alimweleza Mzee mwenyewe, akamtafutia kafili mwingine wa kumdhamini Jeddah, mfanyabiashara wa kondoo wanaoshushwa melini, na akaniamuru nimpeleke kwa gari badala ya basi. Huo ulikuwa wema, na naukiri.

Lori la mnunuzi lilikuja asubuhi. Kondoo waligoma kupanda. Wafanyakazi wa lori walivuta, wakasukuma, wakapiga, vumbi likatimka, na kondoo wakazidi kujibana ukutani. Mzee alikuwa ameketi mlangoni na mfuko wake. Aliona mmoja anapigwa usoni. Akainuka, akawaambia mafi, mafi, waache. Akapanda yeye mwenyewe ndani ya lori hadi mwisho, akasimama kule gizani, akatoa ule mlio wa kooni. Shangazi akanyanyua kichwa. Akatembea, akapapasa ubao kwa kwato, akapanda, na wote nyuma yake, kwa mstari, bila kelele. Mzee alitoka akipita katikati yao akiwagusa vichwa. Wale vijana wa lori walifurahi wakampa chupa ya maji baridi.

Riyadh hadi Jeddah ni mwendo wa siku nzima. Tulipita Taif tukaanza kushuka mlima. Akasema tu, "Alinifuata." Nikajua anamsema Shangazi, nikamwambia mzee, wangepigwa. Akasema anajua. Nikaendesha hadi baharini.

Miaka imepita, na mwaka huu bosi alileta familia yake Jeddah kupunga hewa. Mchana mmoja waliposema hawanihitaji, nikaenda mtaa wa Ghulail kumtafuta. Kule Waafrika ni wengi, vichochoro vimebanana, kila duka dogo lina wateja wamekaa nje kwenye viti vya plastiki. Sikujua nyumba. Nikamuuliza muuza chai kama anamjua mzee Mkenya anayetazama watu macho, akacheka, akanionyesha kwa kidole.

Alikuwa amezeeka. Alinitazama kwanza, kichwa upande, muda mrefu. Safari hii nilingoja. "Macho iko sawa," akasema, "lakini umenenepa." Akaniagizia chai, na, nashuhudia mbele ya Mungu, akaitia sukari. Akanipa habari. Kondoo wa Jeddah ni wa kupita, analalamika, wanashuka melini leo, kesho wameuzwa, hujui sura ya mtu. Lakini mvua zilikuwa zimerudi kwao. Binti yake alikuwa amenunua mbuzi kidogo kidogo kwa pesa alizokuwa akituma, mbuzi wamezaa, zizi lina watu sasa. Alisema hivyo hivyo, lina watu. Tiketi alikuwa ameshakata, ya kwenda kabisa. Nilimuuliza lini, nikitegemea bado yangu. Akasema wiki ijayo, yalla.

Tukiwa hapo simu yake ikaita, ya video. Ni binti yake. Picha ilikatika, ikarudi: mwanamke wa makamo, amechutama zizini, amemkumbatia mbuzi mweupe. Walizungumza kwa lugha yao, sikushika kitu, lakini nilimwona Mzee akiacha kikombe. Akaivuta simu hadi inagusa pua. Binti akasogeza uso wa mbuzi kwenye kioo, na hata mimi niliona: mfereji wa machozi, na jicho limefumbwa juani. Nyuma yake walisimama wengine vichwa chini. Binti alikuwa amejitanda leso ya bluu, akashika pembe yake, akamfuta yule mbuzi jicho taratibu. Kisha akamvuta wa pili, akamfuta kwa pembe ile ile.

Mzee alipiga ukelele hadi muuza chai akageuka. Akaanza kusema haraka haraka, akionyesha kwa mkono, kata hivi, hivi, hivi. Binti aliacha kufuta. Akaitazama leso yake. Akatikisa kichwa, akasema jambo, akalirudia, na safari hii sauti yake ilikuwa na kilio. Mzee akashusha mkono.

"Anasema nini?" nikamuuliza.

"Anasema hiyo leso ni ya mama yake."

Alikaa hivyo, simu mkononi, na yule mwanamke naye akakaa hivyo upande wa pili, na mbuzi akilia katikati yao. Kisha Mzee akasema maneno machache kwa sauti ya chini. Binti alimtazama. Nikamwuliza amemwambia nini.

"Nimeambia shuka pia ilikuwa ya mama."

Binti aliivua leso kichwani, akaikunja, akaikunjua tena. Akatia pindo mdomoni akang'ata. Kwenye simu ile mbovu, huku magari ya Ghulail yakipiga honi, tulisikia kitambaa kikipasuka. Kikapasuka tena. Mzee alinipa simu nimshikie, akaanza kupekua mfukoni, akatoa kipande chekundu cha ukubwa wa kiganja.